Mkono Unasema P, Dashibodi Inasema N

Gari la manyuo, yaani la klachi na gia za mkono, halikuwa na haja ya kukuandikia kitu. Ukiingia kwenye Land Cruiser hardtop ya ofisi au Hilux ya miaka ya tisini, unashika kirungu cha gia na kukitikisa kushoto kulia. Kikicheza, gari lipo frii. Kikikaza, kuna gia ndani. Usiku wa manane, umeme umekatika Nkuhungu, taa za dashibodi zimekufa, mkono unajua. Hata otomatiki zilizojaa barabara za Dodoma, yaani IST, Raum, Premio na Noah, ziliendelea kuuheshimu mkono huo. P (ya kupaki) iko mwisho kabisa, zinafuata R (revasi), N (frii), D (ya kwenda mbele), na kirungu kinabaki pale ulipokiacha. Kikiwa kimegota mwisho, hiyo ni P, hakuna mjadala.

Mpangilio huo wa herufi una sababu yake. Otomatiki ya kwanza kuuzwa kwa wingi, Hydra-Matic iliyotoka kwenye Oldsmobile za mwaka 1940, haikuwa na P kabisa, na revasi yake ilikaa mwisho, baada ya L, yaani gia nzito. Aliyekuwa anatafuta gia nzito kwenye tope aliweza kupitiliza akajikuta anarudi nyuma. Baadaye sheria za Marekani zikalazimisha N ikae katikati ya R na D, ili dereva anayetoka mbele kwenda nyuma apite kwanza mahali ambapo gari halivuti. Ndiyo sababu mtu aliyejifunzia kwenye Corolla anaweza kukalia Nissan asiulize swali.

Vurugu ilianza na kirungu kinachorudi katikati.

Kwenye gari la zamani kirungu kimeungwa na giaboksi kwa kebo au kwa fimbo za chuma. Ukikisogeza, kebo inavuta mkono mdogo uliopo ubavuni mwa giaboksi, na ndani valvu inahama. Kirungu kilipo ndipo giaboksi ilipo. Kwenye Prius, Honda Fit ya hybrid (yenye injini ya mafuta na mota ya umeme), Nissan Note ya e-Power, BMW nyingi za karibuni na wengine wa aina hiyo, kirungu ni swichi tu. Kinapeleka ombi kwenye kompyuta. Kompyuta ikiridhika, inaagiza gia iingie. Isiporidhika, kwa sababu hujakanyaga breki, au gari bado linatembea, au hukukisukuma hadi mwisho, haibadilishi kitu. Na katika hali zote mbili kirungu kinarudi palepale. Mkono unaona umemaliza kazi, kumbe ombi limekataliwa.

Hili si jambo la kinadharia. Aprili 2016 kampuni ya Fiat Chrysler iliita tena magari zaidi ya milioni 1.1 duniani, yakiwemo Jeep Grand Cherokee za 2014 na 2015, kwa sababu ya kirungu cha namna hiyo: madereva walikuwa wanashuka wakiamini wameweka P, gari linaondoka lenyewe. Juni mwaka huohuo mwigizaji Anton Yelchin, mwenye miaka 27, alikufa Los Angeles baada ya kubanwa na Grand Cherokee yake iliyoteremka kwenye njia ya kuingilia nyumbani kwake. Marekebisho yaliyotolewa yalikuwa ya programu: dereva akifungua mlango, gari liingie P lenyewe. Kirungu chenyewe kilibaki.

Tuichukue Prius, maana ndiyo inayowachanganya wengi hapa mjini, na ukiielewa hiyo nyingine zote zinakuwa rahisi. Kanyaga breki, bonyeza kitufe cha POWER, subiri neno READY litokee kwenye dashibodi. Usisubiri mngurumo, injini inaweza isiwake kwa dakika kadhaa. Anayesubiri sauti hubonyeza POWER mara ya pili, akalizima gari lililokuwa tayari limewaka, halafu analaumu betri. Ukibonyeza POWER bila breki, taa zitawaka na redio itaimba, lakini READY haitokei na gari halitaondoka.

READY ikishatokea, sogeza kirungu kuelekea upande wako wewe dereva, kisha kishushe: hiyo ni D. Ukikipandisha badala ya kukishusha, ni R. Ukikishikilia upande huo bila kupanda wala kushuka, kwa muda wa pumzi moja fupi, ni N. Ukikivuta chini moja kwa moja kutoka kinapopumzika, gari likiwa tayari kwenye D, ni B. P haimo kwenye kirungu. Ni kitufe peke yake.

Kosa linatokea kwenye haraka. Dereva anakisogeza pembeni na kukiachia kabla hakijashuka. Gari linakaa N, au halibadiliki kabisa. Anakanyaga mafuta, kimya. Anarudia kirungu huku mguu bado uko kwenye mafuta, safari hii gia inaingia, na gari linaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Kwenye maegesho ya Soko la Majengo, mbele kuna mama na ndoo zake za nyanya. Kwa hiyo mguu wa kulia usitoke kwenye breki mpaka jicho limeona herufi kwenye dashibodi. Herufi iliyochorwa kwenye kirungu ni ramani tu ya njia, haikwambii upo wapi.

Kuna mtego mwingine ambao waliokulia kwenye manyuo huwapata zaidi. Gia namba moja ya manyuo iko mbele: unasukuma kirungu mbele, gari linakwenda mbele. Kwenye hizi za umeme, kusukuma mbele ni R na kuvuta nyuma ni D, kwa sababu wameufuata mstari wa zamani wa P, R, N, D. Akili ikitulia hakuna shida. Lakini lori likikupigia honi pale mzunguko wa barabara, mkono unarudi kwenye asili yake na kusukuma mbele. Ule mlio wa revasi unaousikia ndani ya Toyota nyingi za Japani ndio wa kukuokoa, usiuchoke wala usimwambie fundi aukate. Ujue pia kwamba aliyesimama nyuma hausikii.

Hata alama za kuongeza na kupunguza gia hazikubaliani. Toyota na Subaru, kujumlisha ni kusukuma mbele. BMW na Mazda, kujumlisha ni kuvuta nyuma. Hapo hakuna kanuni ya kukariri, soma alama iliyopo.

Mercedes nyingi za karibuni zina vituko vyake. Gia imehamia kwenye usukani, ni kijiti chembamba upande wa kulia. Upande wa kulia, kwa dereva aliyezoea Toyota ya Japani, ni wa indiketa. Kwenye Toyota, indiketa ya kushoto unapandisha kijiti juu. Kwenye Mercedes, kijiti cha kulia ukikipandisha kidogo wakati gari liko D, unaingia N. Sasa fikiria uko barabara ya Morogoro, unatoka Ihumwa kuja mjini, unataka kusogea kushoto upaki. Mkono unapandisha “indiketa”. Hakuna taa inayocheza, injini inapaa mlio, gari halivuti tena. Wengi hapo wanaongeza mafuta, wanadhani giaboksi imekufa. Ondoa mguu kwenye mafuta, shusha kijiti chini, D inarudi, endelea. Indiketa na vaipa viko pamoja kwenye kijiti cha kushoto. P ni kitufe kwenye ncha ya kijiti cha kulia. Siku tatu za kwanza na gari la aina hii, usilipeleke katikati ya mji saa ya kutoka kazini.

Vitufe na visahani vya kuzungusha, kama vya Range Rover na Jaguar, tunavipitia haraka kwa sababu tatizo lake ni moja: vinafanana na vya redio au kiyoyozi. Na tusidhani vitufe ni ugunduzi wa juzi, Chrysler waliuza magari ya gia za vitufe tangu 1956 hadi 1964, wakaviacha.

Ukituuliza sisi ni ipi bora, jibu ni kirungu kinachobaki kilipowekwa, hata ndani yake kuwe na umeme mtupu. Toyota Aqua ya kwanza ni hybrid kama Prius, lakini kirungu chake ni cha mstari wa kawaida. Anayemnunulia mzazi wake gari la hybrid na hataki simu za saa mbili usiku, aanzie hapo.

Sasa P yenyewe. Ndani ya giaboksi kuna ndoano ndogo ya chuma inayoangukia kwenye meno ya gurudumu moja. Hicho kipande, ambacho kwenye magari mengi hakizidi ukubwa wa kidole, ndicho kinachobeba gari zima ukiweka P peke yake. Dodoma mjini ni tambarare, ukiacha maeneo kama Mlimwa na Kilimani, na tambarare imetuzoesha vibaya: mtu anaendesha mwaka mzima bila kugusa handibreki. Siku anapaki kwenye mwinuko, anaweka P, anaachia breki, gari linateleza kidogo na kugota “kak!”. Uzito wote umekaa kwenye ile ndoano. Asubuhi kirungu hakitoki P, na anaita fundi umeme. Hapo hakuna umeme uliokatika. Kaa ndani mguu ukiwa tayari juu ya breki, watu wawili walisukume gari kuelekea juu kidogo tu, ukanyage likiwa hapo juu, ndoano inapumua, kirungu kinatoka.

Utaratibu wa kupaki kwenye mteremko ni huu: breki ya mguu, weka N, vuta handibreki, achia breki ya mguu taratibu mpaka gari likae kwenye handibreki, kanyaga tena, weka P. Kisha angalia herufi, zima gari, na mkanda uwe wa mwisho kufunguliwa. Kwenye manyuo ni gia ya kwanza ukiwa umeelekea juu, revasi ukiwa umeelekea chini, na jiwe kwenye tairi upande wa mteremko kwa mwenye hekima.

Handibreki nayo ina mtego. Kwenye Prius, Mark X, Alphard na nyinginezo, si ya mkono. Ni pedali ndogo ya mguu wa kushoto. Dereva wa hardtop anapokalia gari hilo, mguu wa kushoto unatafuta klachi. Akiikanyaga kwa nguvu mwendo ukiwa 40, matairi ya nyuma yanakamatwa. Njia ya kuvunja tabia hiyo ni kuukunja mguu wa kushoto nyuma kabisa, kisigino kikiegemea kiti, mpaka uzoee kwamba hauna kazi.

Kwenye milima ndipo herufi zinazopuuzwa zinapolipa. Ukishuka Sekenke kuelekea Nzega, au Kitonga kwa anayekwenda Morogoro kupitia Iringa, gari la otomatiki likiachwa D litakimbia na breki zitanuka. Kwenye IST ya kwanza anza kwa kuzima O/D (gia ya juu kabisa, ya mwendo kasi), mwendo ukipungua shusha hadi 2, na L kama mteremko ni mkali na mwendo ni mdogo. Fanya hivyo kabla ya kuanza kushuka, si katikati. Kwenye Prius ni B, inayotumia mgandamizo wa injini kulishikilia gari. B haimaanishi “bora” wala “breki ya ziada ya mjini”. Ukiendesha nayo siku nzima Kisasa hadi Area C unapoteza umeme ambao breki zingerudisha kwenye betri, na mafuta yanakwenda bure.

Wapo wanaoshuka wakiwa frii ili kubana mafuta. Gari la karburata lilikuwa na kisingizio. Gari la injekta, ukiondoa mguu kwenye mafuta huku gia ipo ndani, kompyuta inafunga mafuta kabisa. Ukiwa frii inabidi iendelee kuyamwaga ili injini isizimike. Kwa hiyo mwenye frii ndiye anayekula mafuta, na breki anazichoma juu yake.

Frii ina dhambi nyingine kwenye hybrid. Prius ikiwa N, betri kubwa haichajiwi hata injini ikiwa inanguruma. Joto la Oktoba na Novemba hapa, kiyoyozi kikiwa juu, foleni ya mafuta nusu saa, N: utashangaa betri imeshuka hadi gari linalalamika. Kwenye foleni kaa D na breki, au weka P.

Sasa gari limegoma kutoka P, na si kwenye mwinuko. Kama kirungu ni cha kawaida, kabla ya kumpigia mtu simu muombe yeyote asimame nyuma ya gari wakati unakanyaga breki.

“Kaka, taa za breki zinawaka?”

“Hakuna kitu bosi, giza.”

Umeshapata nusu ya jibu. Kufuli ya kirungu inasubiri taarifa kutoka swichi ileile inayowasha taa za breki, iliyopo juu ya pedali. Taa zote zikifa kwa pamoja, balbu si tatizo; tazama fyuzi iliyoandikwa STOP, mara nyingi ya ampea 10 au 15, halafu swichi yenyewe. Weka fyuzi ya ampea zilezile. Ukiweka ya 30 ili “isikate tena” unachoma waya. Iwapo umekwama mahali pabaya, karibu na kirungu kuna kifuniko kidogo au kitundu kilichoandikwa SHIFT LOCK. Vuta handibreki, ufunguo uwe ON, kanyaga breki, bonyeza humo kwa bisibisi nyembamba huku unatoa kirungu P kwenda N. Ukifika kwa fundi umefika bila taa za breki, kwa hiyo nenda polepole na pembeni.

Kwa kirungu cha umeme mara nyingi hakuna kitundu cha namna hiyo. Betri ndogo ya volti 12 ikifa, P imefungwa na magurudumu yamefungwa. Betri iliyopumzika usiku kucha ikisoma karibu 12.6 ni nzima. Ikiwa chini ya 12, tarajia gari kuleta mambo ya ajabu kabla halijakataa kabisa: herufi zinawaka na kuzimika, P haitoki, onyo la Kijapani linajaa kioo. Wengi wanalipa kubadilishiwa kirungu wakati shida ilikuwa betri. Prius nyingi zimeficha betri hiyo nyuma kwenye buti, lakini kwenye boksi la fyuzi chini ya boneti kuna ncha yenye kifuniko chekundu. Waya chanya hapo, waya hasi kwenye chuma kitupu cha injini mbali na betri, subiri dakika chache, breki, POWER. Ukigeuza chanya na hasi, hata kwa sekunde, gharama yake inaweza kufika kwenye inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kubwa ili uendeshe mota, na hiyo si bei ya kuzungumza ukiwa umesimama.

Kulisukuma ili liwake, sahau. Manyuo inawaka kwa kusukumwa kwa sababu klachi inaunganisha magurudumu na injini moja kwa moja. Otomatiki inategemea pampu ya haidroli inayozungushwa na injini; injini ikiwa imezima, hakuna presha, hakuna cha kuunganisha. Sababu hiyohiyo inafanya kuivuta kwa kamba kuwa hatari: magurudumu yanazungusha giaboksi kavu. Gari la kuvuta kwa mbele linyanyuliwe mbele. Hybrid na gari linalovuta kwa magurudumu yote manne lipandishwe mzimamzima juu ya kitanda cha brekidauni, hata kama wenye kamba watakuambia ni hapo Nanenane tu.

Mwisho ni vijana wa kuosha magari, maana ndio wanaohamisha magari mengi ya watu kwa siku kuliko dereva yeyote. Ukimkabidhi funguo za gari la kirungu kinachorudi, usimwambie tu “ni otomatiki”. Mwoneshe herufi ya kwenye dashibodi, mwoneshe kitufe cha P, mwoneshe handibreki iko mguuni. Mwambie pia asipulize maji ya presha kwenye konsoli, pale katikati penye kirungu na vitufe: vumbi letu jekundu likichanganyika na maji linaingia chini ya vitufe, likikauka linakuwa kama saruji, na soda iliyomwagika ni mbaya zaidi kwa sababu ya sukari. Brashi laini na kitambaa chenye unyevu kidogo vinatosha. Na ukirudi kulichukua, kabla ya kukaa sawa na kurekebisha kioo, mguu kwenye breki, kwa sababu hujui ameliacha kwenye herufi gani.